Spika Iliyofyonza Sauti ya Mdogo Wangu

"Toa spika, Kinyozi! Itoe kabla sijakunyoa wewe bila maji!"

Huyo ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Fundi Spika. Wifi akipandisha, maziwa ya jirani yanaganda yenyewe. Alikuwa nami ndani ya karakana ya mumewe, mkono mmoja kiunoni, wa pili umemkaba Kinyozi kola. Ilikuwa mchana mweupe, jua kali hata vivuli vimejificha chini ya meza.

"Shemeji, niachie shati kwanza, tuongee kama watu."

"Watu? Mtu anaiba spika ya rafiki yake?"

"Sikuiba. Mwenyewe aliniletea."

Wifi akaachia kola. 

Ngojeni niwaeleze. Mdogo wangu anatengeneza spika tangu ndevu zilipomtoka. Spika ikipasuka, anaivua ile karatasi nyeusi ya mbele, anabandika nyingine kwa gundi inayonuka mpaka nzi wanaamua kutembea kwa miguu. Rafu zake zimejaa spika zisizo na karatasi, mashimo matupu yanayokukodolea ukiingia. Ugonjwa wake mwingine ni bendi ya Radi Kavu, wale wazee wa roki wenye mvi na suruali za kubana, wanaopiga magitaa kama watu wanaopasua kuni. Mashabiki wa mtaa wote wanakutana kwake, na mwenyekiti wao ni huyu Kinyozi. Ukikaa kitini pake ukaisema vibaya Radi Kavu, unatoka na upara wa upande mmoja.

Basi ikaja habari kwamba Radi Kavu wanatoa albamu mpya, baada ya kimya kirefu hata watoto waliozaliwa wakati wa albamu iliyopita wameshaoa. Ungetegemea shangwe. Ikawa kama msiba. Mwimbaji wao, wanayemwita Koromeo, alikuwa amepasuliwa koo, na watu walisema hata maji anaomba kwa kidole. Ataimba nani? Karakana ikawa baraza la mabishano. Huyu anasema watamweka kijana, yule anasema mashine itashona viraka vya sauti ya zamani.

"Bora wanyamaze na heshima yao," Kinyozi akawa anasema, "kuliko kutumwagia maji ya kuoshea vyombo."

Mdogo wangu hakuchangia. Alikuwa hali, hanywi, anakata waya ambazo hazikuhitaji kukatwa.

Sasa sikilizeni namna anavyopima spika. Mafundi wengine huziwekea muziki. Yeye huziongelesha. Aliniambia, "Dada, spika ni mdomo, lakini ukiifunga waya kinyume inakuwa sikio." Basi huiunganisha na spika nyingine ndogo kupitia kile kimashine chake cha kukuza sauti, akainamia karatasi, akasema neno. Neno likitokea safi kule upande wa pili, spika imepona.

Siku moja alimaliza spika kubwa, pana kama sinia, ambayo mteja aliyeileta hakurudi kuichukua. Akaweka mdomo kwenye karatasi, akasema, "Koromeo, kama koo limekwisha, chukua langu."

Tukacheka wote. Mimi ndiye niliyeacha kwanza, kwa sababu niliziona nyaya. Zilikuwa zinaning'inia tu, hazijafungwa popote. Na ile karatasi ikaingia ndani polepole, kama shavu la mtu anayefyonza pipi. Ikabaki huko huko.

Najua mimi ni mwongo. Niliwaambia niliwahi kumfunga chui kwa mkanda wa gauni, mkaamini nusu. Hili liaminini lote.

Wimbo wa kwanza ulipotoka, kabla ya albamu yenyewe, mashabiki waliruka hadi vumbi la dari likashuka. Koromeo kapona! Sauti nzito, kama gunia la viazi linaloburutwa sakafuni. Kinyozi alilia kamasi na machozi. Mimi nilitega sikio. Mdogo wangu ana pengo la mbele, na akiimba, kifilimbi chembamba hupita penye pengo. Kwenye ule wimbo, kifilimbi kilikuwemo.

Jioni yake mdogo wangu aliomba chai kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Wimbo wa pili ulipotoka, akaanza kunong'ona. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni safi kama sahani iliyooshwa, hakuna ugonjwa.

Na albamu nzima inatoka kesho. Nilimweleza wifi yote, naye akakata shauri: neno liliingilia kwenye spika ile, basi mumewe alitangue kwenye spika ile ile, angali ana mnong'ono wa kulitangua. Alipokuja karakanani, spika haipo. Ndipo akamkamata Kinyozi, shabiki asiyebanduka humo.

"Alikuja nayo kaikumbatia," Kinyozi akasema, huku akinyoosha kola. "Akaninong'oneza, 'Ifiche, mke wangu asiione mpaka albamu itoke.' Nikamuuliza, hujuti? Akatikisa kichwa. Shemeji, mwenzio kaipenda bendi hii kabla hajakupenda wewe."

"Na mimi nitasemeshwa na nani?"

"Utamsikia redioni. Dunia nzima itamsikia."

"Redio haijibu!" Wifi akapiga meza, bisibisi zikaruka. "Nikiuliza umekula, redio itanijibu? Nikiota vibaya nikamwamsha, redio itaniambia lala, niko hapa?"

Kinyozi akanigeukia. "Bibi, hebu msaidie aelewe."

"Mimi nimeshamwelewa yeye," nikamwambia. "Wewe ndiye sikuelewi. Mbona umepauka kama uliyelala jivuni?"

Akajikalia kwenye kreti. Akafuta jasho kwa ile taulo yake ya begani.

"Niliiweka chini ya kiti cha kunyolea," akasema. "Jana nina mteja, povu limejaa mashavuni. Akaniuliza, 'Nani anaita mwanamke humu ndani?' Nikawasha mashine ya kunyolea ili asisikie. Mashine nayo ikaanza kuunguruma kwa kufuata ule wito, ikipanda, ikishuka. Mteja kaondoka na povu lake."

"Mwanamke gani?" wifi akauliza.

Kinyozi akatazama viatu vyake. "Jina lilikuwa lako, shemeji."

 Kinyozi akainuka mwenyewe, bila kukabwa, akaenda saluni kwake mlango wa pili. Alirudi ameifunika spika kwa ile taulo, ameishika mbali na tumbo, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Akaiweka mezani, akavuta taulo.

Karatasi ilikuwa inapanda na kushuka, taratibu, kama tumbo la mtu aliyelala. Nyaya zake zilikuwa zinaning'inia vile vile. Nikainua macho rafuni. Yale mashimo yote yalikuwa yametulia kuliko vitu vinavyotulia, kama watu waliozuia pumzi wasikilize.

"Ni albamu nzuri, shemeji," Kinyozi akasema. "Nzuri kuliko zote. Tumeingoja sana. Lakini sikujua itakuwa hivi."

 Wifi akainama, akaweka viganja pande zote mbili za ile spika, kama anavyomshika mumewe mashavu. Zile kelele zake zote zilikuwa zimekwenda.

"Umekula?" akaiuliza.

Karatasi ikasimama.

"Usiiulize tena!" Kinyozi akamshika bega. "Ikijibu, shemeji, basi yote imeshahamia humu, hata ule mnong'ono, na hatakuwa na sauti ya kulitangua hilo neno. Mwite mwenyewe aje haraka, aseme mara mo..."

Mlango ukafunguka.

Mdogo wangu aliingia na mkate kwapani, na uso wa mtu anayengoja harusi ya kwake. Alimtazama mkewe, akaitazama spika mikononi mwa mkewe, na tabasamu likamsinyaa. Lakini mimi ndiye mkubwa wake, na hajawahi kuingia penye watu asianze na mimi. Midomo yake ikacheza, hata mnong'ono usitoke.

"Shikamoo, dada," spika ikasema mezani.

Nikafungua kinywa kuitikia, nisijue nigeukie wapi.