Mwanamke anayebomoa marundo ya mawe jangwani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwanamke wa miaka arobaini na saba anasimama mbele ya rundo refu la mawe, analitazama kwa jicho la mama mkwe aliyeona sufuria iliyoungua, kisha analipiga teke. Mawe manane yanasambaa mchangani. Anayaokota moja moja na kuyatupa, kila moja upande wake.

"La nne leo," anasema, na safari inaendelea.

Hii ndiyo kazi yake. Kwenye njia hii ya miguu ya kilomita tisa, inayokatiza jangwani katikati ya majabali yenye maumbo ya ajabu, hakuna vibao wala mishale ya rangi. Kinachomwongoza mgeni ni marundo madogo ya mawe, mia moja arobaini na sita kwa jumla, aliyoyapanga yeye kwa mikono yake. Kila rundo lina mawe matatu tu: pana chini, bapa katikati, na la juu lenye ncha inayoonyesha uelekeo. Ukifika kwenye rundo moja, lazima ulione la mbele yake.

Tatizo ni wageni. Wakipumzika, mikono huwawasha. Hupanga marundo marefu ya kupendeza, hupiga picha, huenda zao. Anayekuja nyuma huyafuata akidhani ni alama za njia. Siku za likizo yeye hubomoa hadi thelathini kwa asubuhi moja, na wenzake kazini wamempachika jina la Bomoabomoa.

Mumewe, seremala, anadai kazi hiyo imemfuata mkewe hadi nyumbani. Siku hizi hawezi kuacha mbao zimepangwa uani bila kuulizwa zinaonyesha wapi.

Mwandishi wa makala haya naye alipata lake. Tulipoketi kutafuta pumzi chini ya Ngamia, jabali lenye nundu mbili na shingo iliyoinama, nilijikuta nimeweka kijiwe juu ya kijiwe, na cha tatu mkononi. Bomoabomoa alinitazama tu mpaka nikabomoa mwenyewe.

Njia yenyewe si ngumu. Mtu mwenye afya ya kawaida huimaliza kwa saa nne, akiwa na lita tatu za maji. Shida ni kwamba majabali haya hubadilika kila ukipiga hatua. Lile linaloitwa Uyoga, lenye kichwa kipana juu ya shingo nyembamba, ukilipita na kugeuka nyuma huoni uyoga wowote, unaona ukuta. Na hapo mbele ya Uyoga ndipo njia inapogawanyika mara tatu. Upenyo mmoja unakwenda hadi Dirisha, mwamba mkubwa uliotobolewa na upepo, mwisho wa safari. Nyingine mbili haziendi popote.

Miezi kumi na moja iliyopita, fundi cherehani mmoja, mzee wa miaka sitini na moja aliyekuja kutembea peke yake, aliingia kwenye upenyo usio wake. Alikaa humo saa kumi na tisa. Walinzi walipompata asubuhi yake, midomo ilikuwa imepasuka na maji yalikwisha zamani.

Alikuwa amefuata rundo la mawe matatu, lenye ncha. Wote ofisini walisema ni wageni tena, wameanza kuiga. Bomoabomoa peke yake ndiye aliyejua ni la nani.

"Lilikuwa langu," anasema. "Nilificha dumu la maji mle ndani, nikaweka alama nisisahau. Nikajiambia nitabomoa nikirudi. Jioni nikarudi kwa njia ya mkato."

Angeweza kunyamaza, na pengine hadi leo isingejulikana. Asubuhi ile ile aliingia chumba cha walinzi, akasimama mbele ya mkuu wao, akasema yote. Alisimamishwa kazi mwezi mzima. Kipande cha Uyoga hadi Dirisha kikafungwa kwa kamba, na ofisi ikaanza kuzungumza juu ya kukifunga moja kwa moja, na yeye ahamishiwe langoni akate tiketi.

Hakukubali. Aliomba njia ipimwe: mtu asiyeijua apite peke yake, kwa marundo tu. Mkuu alipoanza kutafuta wa kumtuma, Bomoabomoa alisema mtu anaye tayari.

Alimpigia simu fundi cherehani. Mara mbili alikatiwa. Mara ya tatu mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Dada, unanitaka nirudi nikafe?"

"Nataka urudi utoke mwenyewe," akamjibu.

Leo ndiyo siku yenyewe. Fundi anaanza kutembea saa moja na nusu, nyuma yetu, na asipotokea saa sita kamili walinzi wataingia kumtafuta. Hapo itakuwa imekwisha, kipande hakitafunguliwa tena.

Sisi tunafika Dirisha saa tatu na nusu. Mkuu wa walinzi yupo, ameketi kivulini na saa yake ya mkononi. Bomoabomoa haketi. Saa nne inapita, saa tano inapita. Kutoka Uyoga hadi hapa ni mwendo wa saa mbili, kwa hiyo kila mmoja anapiga hesabu yake kimya kimya. Saa tano na dakika arobaini walinzi wawili wanaanza kujaza maji kwenye chupa. Yeye anawatazama, anarudisha macho korongoni. Nakiri kwamba nami nilikuwa roho juu.

Saa sita kasoro dakika nane, kofia nyeupe inachomoza kati ya mawe.

Mkuu anapiga makofi. Fundi anapewa mkono na kila mtu, anakalishwa, anapewa maji. Mkuu anatangaza kwamba Jumatatu anaondoa kamba na njia itafunguliwa yote. Bomoabomoa anafuta machozi bila kuona haya, kisha anachuchumaa mbele ya mzee.

"Ulikwama wapi?"

"Si kitu, dada. Nimefika."

"Niambie, kaka."

Fundi anamtazama mkuu, anarudi kwake. "Baada ya Uyoga. Jua lilikuwa usoni kabisa, rundo silioni. Nikasema hata iweje, sisogei mpaka nilione. Nilisimama kama dakika ishirini, jua likapanda, nikaliona."

Bomoabomoa anageuka kutazama alikotoka mzee. Kwa miaka tisa amekuwa akipita pale jua halijafika juu ya majabali. Hajawahi kusimama pale saa tatu na nusu asubuhi, hata siku moja.

"Mama, mtu amefika," mkuu anasema. "Inatosha."

"Mtoto asingesubiri dakika ishirini."

"Sasa unataka nini?"

Anataka wiki mbili. Anataka kuipita njia nzima kila saa ya mchana, kuanzia jua linapotoka hadi linapozama, achuchumae penye kila rundo kwa kimo cha mtoto na kutazama la mbele. Lisiloonekana atalipandisha, au atalihamisha. Mpaka hapo, kamba isiguswe.

Mkuu anavua kofia, anajikuna kichwa, anasema haya basi. Walinzi wanakusanya chupa zao.

Fundi cherehani amekwisha simama na anakung'uta mchanga kwenye suruali. Anasema atalala mjini, mkewe atamwelewa. Kesho atakuja amwonyeshe pale aliposimama.

"Saa moja kamili, langoni," Bomoabomoa anamwambia. "Usichelewe, jua halitusubiri."