Mfuko wetu wa halali uligawana hela ya nguruwe

Wakuu, marahaba. Najua hamjaniamkia, ila mimi ni bibi, nachukua changu kabisa.

Hili halina chumvi, na mpaka leo linanitia haya. Mwandiko mnivumilie, herufi nilizipata kisomo cha watu wazima.

Enzi za ujamaa, kina mama wa msikiti mmoja Mwembesongo tulikuwa na mfuko. Hizi benki za halali mnazobishania humu, sie tulishazionja.

Riba hakuna. Mtu anapewa mtaji, anafanya biashara, faida nusu kwa nusu. Ikija hasara isiyo ya kosa lake, mtaji umetupotea sisi, yeye kapoteza jasho.

Msimamizi ni shehe wetu. Asipokubali, senti haitoki. Anaongelea puani: "Mama zanguuu, faida na hasara mapacha. Utamnyonyesha mmoja, mwenziwe umtupe?"

Nilikuwa namwiga huyo, watu wanashika mbavu!

Mtaji tukampa Mama Skola, Mkatoliki wa milimani, upande wa Mgeta. Ananunua kabichi kwa majirani, analeta mjini. Misimu miwili, kila mtu khanga mpya.

Wa tatu, mvua ikakata barabara. Lori likakwama matopeni siku nne. Kabichi zikafika zinachuruzika maji, harufu usiseme.

Mama Skola akaja kikaoni, akalia. Shehe akasema, "Hasara yetu. Mama huyu hatudai wala hatumdai."

Sasa mie ile faida nilishaipigia hesabu ya bati.

Mama Skola alipotoka tu, nikasimama katikati, nikajifunga khanga kama yeye, nikalia kilio chake na lafudhi ya mlimani: "Jamani kabichi zangu weee! Jamani lori!"

Bi Hawa mshika fedha akaanguka mkekani kwa kucheka. Nikamalizia, "Analilia tumbo lake huyo. Alipe!"

Mikono ikanyooshwa kukubali alipe, watu bado wanacheka.

Shehe akavaa makubazi. "Mimi kwenye mfuko huu simo tena." Nikamwiga hadi mwendo.

Mama Skola akalipa yote, mtaji pamoja na faida nzima tuliyoitarajia. Mwaka ule tuligawana nyingi kuliko mwaka wowote wa shehe. Nikaezeka.

Msimu uliofuata, mtaji tukaupeleka mlimani, hakuna aliyeupokea. "Nyie si ndio mnaocheka hasara ya mwenzenu?" Hela ikakaa haina kazi, mfuko ukafa.

Nikapanda mwenyewe kwa Mama Skola. Nikamkuta analima kibarua, shamba la mtu.

Jirani yake ndiye aliyenimegea siri: ili atulipe, aliuza nguruwe wote wa zizini.

Nguruwe, wakuu! Na tulikula. Nani angeuliza hela imetoka wapi, na muulizaji tulishamcheka akaondoka?

Ila aibu yangu kubwa si nguruwe.

Mama Skola hakunitukana. Akaegemea jembe, akaniambia, "Shoga, nasikia kuniiga unaniweza sana. Hebu lia kama mimi, na mimi nijisikie."

Nikafungua mdomo. Haikutoka hata sauti yangu mwenyewe.

Akainua jembe, akarudi kulima.

Basi nyie mnaosema mashehe wanapunguza faida ya benki, pengine kweli wanapunguza. Mie niliwahi kumtoa wa kwetu, faida ikapanda, na bati ninalo mpaka leo. Mvua ikilipiga silali.

Haya, nisemeni. Na kama kuna aliyewahi kuomba radhi akachelewa, anifundishe alianzaje.