Kengele ya Kiti cha Pili

Kila Jumamosi, akishafunga karakana yake ya samani kule Keko, fundi seremala mmoja huja kwenye yadi ninapouza magari. Penseli bado iko sikioni, mikono inanuka vanishi. Anaipita safu nzima ya magari ya familia, anasimama mbele ya kigari chekundu cha mbio, kifupi, cha viti viwili, na kukigonga mlango kwa kifundo cha kidole kama anayekagua ubao. Nikimwamkia, "Shikamoo, mzee," anaitikia kwa sauti ya chini, kama kuna mgonjwa ndani. Wenzangu hawachoki kumshauri: "Fundi, chukua pikapu ubebee mbao! Hicho ni cha kujifurahisha tu." Anatabasamu, anaondoka.

Jumamosi iliyopita aliomba ufunguo. Begi lake la zana, zito, akaliweka kwenye kiti cha abiria, akaliwasha gari, akaanza kuzunguka yadi taratibu. Kengele ya mkanda wa usalama ikalia. Nikamfuata dirishani. "Usijali, mzee. Gari linahisi uzito wa begi, linadhani umepakia mtu asiyefunga mkanda. Liweke begi chini." Akaliweka chini, kukawa kimya. Akakaa akikitazama kile kiti kitupu, kama anayemsubiri mtu aingie. Kisha akalinyanyua begi, akalirudisha pale pale, kengele ikaanza upya, naye akazunguka yadi mara tatu huku ikilia, bila haraka yoyote. Aliposhuka nikamwahidi kwamba fundi wetu wa umeme ataikata ile kengele, dakika mbili tu.

"Nalichukua," alisema. "Ila kengele msiiguse."