Mstaafu wa jeshi nilivyofundisha hesabu: darasa zima "lilielewa", mtihani ukakataa

Wakuu, amani iwe kwenu popote mnaposomea.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Bujumbura. Mke wangu ameketi pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kujisifu sitaweza.

Naandika kwa wenzangu waliostaafu jeshi, na kwa wake za askari, wanaoulizia kazi katika shule za serikali. Inawezekana. Ila kuna jambo moja la kuliacha kambini.

Mimi nilistaafu nikiwa na cheo cha ajida. Diploma ya ualimu niliipata kabla ya jeshi, nikaifungia sandukuni miaka yote hiyo.

Mwalimu wa kweli nyumbani ni mke wangu, mama Kevin. Kila nilipohamishwa kambi, yeye alianza upya: shule nyingine, darasa jingine, direkta (mwalimu mkuu) mwingine. Hakuna aliyempigia saluti kwa hilo.

Sasa, katika shule anayofundisha huku mtaa wa Ngagara, mwalimu wa hesabu wa darasa la sita alienda likizo ya uzazi. Direkta akakubali nishike nafasi kwa majaribio. Mwisho wa mwezi angekuja kukaa darasani. Akiridhika, ataniombea kazi ya kudumu. Asiporidhika, narudi kumwagilia mboga za lengalenga.

Niliitaka ile kazi, wakuu. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja miaka yote hawezi kukaa bure. Nilikuwa nazunguka nyumba nikikagua vitanda vya watu.

Ngoja nieleze kidogo kwa ambao hawajapita jeshini. Kule mkufunzi akimaliza somo anauliza, "Mumeelewa?" Kikosi kizima kinajibu, "Tumeelewa, shefu!" Jibu jingine halipo. Mmoja akisema hajaelewa, wote mnashuka chini kupiga pompe, zile pushapu. Kwa hiyo unaelewa kwanza, halafu unamwuliza mwenzako mkikutana chooni.

Basi nikafundisha kujumlisha sehemu. Nikauliza, "Mumeelewa?" Watoto zaidi ya sitini wakanitazama tu.

Nikawafundisha kujibu. Siku ya tatu mabati yalikuwa yanatetemeka.

Jioni nikamwambia mama Kevin, "Darasa langu linaelewa lote. We miaka yote unalalamikaga nini?"

"Lote?"

"Kama mutu mumoja."

Akaendelea kuchambua maharage. "Basi uwape interro, kajaribio kadogo tu."

Nikawapa. Nusu ukijumlisha na theluthi ni ngapi? Karibu wote waliandika mbili juu ya tano. Mmoja aliandika, kwa mwandiko mzuri sana: "Tumeelewa, shefu."

Mama Kevin alizisoma zile karatasi akacheka hadi akaegemea mlango.

"Baba Kevin, hawa hawakuelewa. Hawa walitii."

"Nifanye nini sasa? Direkta anakuja Alhamisi."

"We ndiyo uwe rikruti, askari mupya. Simama kwa ubao, ukosee, wakufundishe."

"Mi nikosee mbele ya watoto? Ajida muzima?"

"Ajida alibaki kambini. Huku tuko na mwalimu wa majaribio tu."

Kesho yake nikaandika ubaoni lile kosa lao, nusu jumlisha theluthi ni mbili juu ya tano, nikasubiri anisahihishe mtu. Wote wakalinakili kwenye daftari.

Alhamisi ikafika. Direkta akabanwa kwenye benchi la nyuma, magoti karibu na kidevu, kalamu mkononi. Nikaandika kosa lilelile. Wakaanza kulinakili tena.

Nikaona sina la kupoteza. Nikawaambia, "Nilipokuwa rikruti, siku moja sikuelewa ramani. Nikaogopa kusema. Nikawapeleka wenzangu saba kwenye mihogo ya mama mmoja badala ya mtoni. Alitufukuza na mwiko, sisi wote na bunduki zetu."

Wakacheka. Kicheko kilipopungua, msichana wa mbele anayeitwa Divine akainua mkono.

"Shefu, mi naona mumekosea."

"Wapi?"

"Nusu peke yake inapita mbili juu ya tano. Mumeongeza, lakini imepunguka."

Nikampa chaki. Akazigeuza sehemu zote mbili ziwe juu ya sita, akajumlisha, akapata tano juu ya sita. Nikauliza nani hajaelewa. Mkono mmoja, miwili, halafu nusu ya darasa. Nikajua nimekwisha, direkta anaona mwalimu wa mwezi mzima ambaye hajaeleweka.

Nyuma kabisa kulikuwa na mkono mmoja mkubwa wenye saa.

"Mwalimu," direkta akasema, "pale kwa sita, na mi sikuelewa. Mutoto arudilie."

Divine akarudia polepole, akamtazama. "Sasa direkta, mujaribu robo na theluthi."

Direkta akaja ubaoni, akafuta mara mbili, akapata saba juu ya kumi na mbili. Darasa likampigia makofi. Kwenye barua ya kuniombea kazi aliandika kwamba katika darasa langu mtu anaweza kuuliza. Nimebaki.

Funzo langu ni hili, wastaafu wenzangu. Tunajua kupanga kazi, kufika kwa wakati na kuvumilia. Shule zinahitaji hayo. Ila mtoto anayesema "sijaelewa" hajakaidi amri. Amekuamini. Na wake zetu waliofundisha huku wakihama nasi, waombeni wawafundishe kabla hamjaingia darasani.

Walimu mliomo humu, nisaidieni. Wiki ijayo naanza asilimia, na sijui nianzie wapi ili watoto wazishike. Wenye mbinu, andikeni hapa chini.