Nilibonyeza Kufuli ya Kajiado Nikiwa Kitengela

Naandika hii uso ukiwa bado moto, na kama wewe ni mtu wa kucheka wenzako basi cheka mapema umalize, kwa sababu mimi Nashipae, msichana ambaye darasani hata nikijua jibu siinui mkono, nilikwamisha mkutano mzima wa kamati ya maji kule Kajiado nikiwa nimekaa kwa kochi yetu Kitengela, soksi mguu mmoja.

Wacha nianze vizuri. Dada yangu Naserian ndiye mtu wa kompyuta kwa mradi mmoja wa maji, na ofisi yao iko Kajiado. Tangu azae (mtoto anaitwa Baraka, ni mdogo hivi lakini ako na sauti ya ndume) amekuwa akifanyia kazi nyumbani. Anakaa sebuleni kwetu, anafungua laptop yake, anaingia kwa kompyuta ya ofisi akiwa mbali, na ile skrini ya Kajiado inajaa yote kwa skrini yake mpaka unasahau laptop iko chini yake. Mshale anausukuma hapa, unatembea huko. Mimi huwa najifanya nasoma Biolojia lakini namwangalia yeye, kwa sababu hakuna kitu nimewahi kuona kizuri kama dada yangu akifungua kompyuta ya Kajiado huku anabembeleza mtoto kwa mguu.

Shida ilikuwa meneja wao, Bwana Mutua, ambaye haamini kazi isiyoonekana. Alikuwa anataka Naserian arudi ofisini kila siku, na mtoto bado ananyonya na hataki chupa kabisa. Kwa hivyo ilisemwa kamati ndiyo itaamua. Naserian awaonyeshe kwa video, kutoka nyumbani, maji ya kila kisima yako aje siku hiyo, na wakiridhika abaki, wasiporidhika arudi ofisini ama aache kazi. Tulikuwa tumeomba juu ya hiyo siku. Mama alifunga kula.

Sasa mkutano ukaanza, wao wako kwa ukumbi wao huko, picha inarushwa ukutani, na Naserian anaongea vizuri mpaka mimi nilikuwa natabasamu peke yangu. Alikuwa amemaliza namba za jana wakati Baraka alichafua nepi, na si kuchafua kidogo. Akaomba ruhusa ya dakika chache, akaninong'onezea, "Usiguse kitu. Sukuma tu mshale kidogo kidogo skrini isilale."

Hiyo tu. Kusukuma mshale. Nikasukuma, na kwa huko kusukuma nikaona chini pembeni kuna kakufuli kadogo kamefunguka, na nikiweka mshale juu yake inasema VPN haijaunganishwa. Mimi nikashtuka, kwa sababu kila asubuhi namwona akianza na hako kakufuli kwa laptop, na husema bila VPN hakuna kazi (VPN ni kama njia ya siri kompyuta inapitia kufika kwa kompyuta nyingine bila watu kuchungulia). Nikajiambia, maskini, amesahau, akirudi atapata aibu mbele ya watu, wacha nimsaidie. Nikabonyeza. Ikauliza kama nina uhakika. Nikasema ndio.

Lakini hiyo haikuwa kufuli ya laptop. Ilikuwa kufuli ya Kajiado. Nilikuwa nimewasha VPN ndani ya ile kompyuta tuliyoingilia kutoka mbali, nayo ikachukua mawasiliano yake yote ikayapitisha kwa njia yake ya siri, pamoja na ile njia sisi wenyewe tulikuwa tumepitia kuingia. Ni kama kufunga geti na wewe umesimama nje. Skrini ikaganda, halafu dirisha likajifunga, na kwa ukuta wa Kajiado ukabaki uso wangu, mkubwa kama wa bango, mdomo wazi.

"Naserian, tumekupoteza," Bwana Mutua akasema. Halafu akaangalia vizuri. "Na wewe ni nani?"

Kabla sijajibu, mwenyekiti wao, mama mmoja wa Oltepesi mwenye shanga mpaka mabegani, akanisalimia kwa lugha ya kwetu. "Supa."

Na mimi nikafanya kile nimefundishwa tangu nikiwa mdogo nikisalimiwa na mkubwa. Niliinamisha kichwa aniguse. Kwa laptop. Nikakaa hivyo nimeinama nikingojea mkono, mpaka nikasikia ukumbi umeanguka kwa kicheko, na nilipoinua macho nikaona yule mama amesimama amenyoosha mkono, ameweka kiganja kwa ukuta mahali nywele zangu zilikuwa.

"Nimemgusa," akawaambia. "Ni mtoto wa watu. Sasa sema, imekuwa nini?"

"Network imepotea," nikasema.

"Imepotea na tunakusikia hivyo?" akauliza Bwana Mutua.

Wakacheka tena. Mzee mmoja huko nyuma akasema hata jenereta yake huwa inakohoa kwanza kabla ya kuzima. Lakini Bwana Mutua hakucheka. "Ndiyo nilikuwa nasema. Mtu wa kompyuta akae karibu na kompyuta. Tuandike arudi ofisini Jumatatu."

Kunyamaza ndiyo kazi ninajua. Lakini nilisikia Naserian akimwimbia mtoto huko chumbani, hajui, na nikajikuta nasema, sauti kama ya panya, "Si yeye. Ni mimi nimebonyeza. Aliniambia nisiguse."

Naserian akatoka na Baraka begani. Hakunipigia kelele (afadhali angenipigia). Aliangalia skrini, akaniangalia, akauliza, "Kufuli?" Nikasema kufuli. Akakaa.

"Bwana Mutua, tafadhali ingia ofisini uzime VPN kwa ile kompyuta. Namba za leo za visima zinaingia kwa hiyo VPN, kwa hivyo jana nilifungua ruhusa ya kuiwasha kutoka mbali, nikabakisha kuipangia njia. Huyu amefika mahali sijamaliza."

Bwana Mutua akaenda akazima. Naserian akaingia tena, na kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto, akapanga kwamba ni habari za visima peke yake zipitie kwa VPN, na zingine zote, pamoja na njia yetu, zibaki zilivyo. Halafu akapeleka mshale kwa ile kufuli. Nikamshika mkono.

"Dada, itatuzimia tena."

"Toa mkono, Nashi."

Akabonyeza. Skrini ikaganda. Mimi nilikuwa nimefunga macho, nikisema tu Yesu, Yesu. Halafu nikasikia mtu akisema "hiyo hapo", nikafungua, na namba za siku hiyo zilikuwa zinashuka kwa ukuta, kisima baada ya kisima, Kimuka, Oltepesi, vyote.

Mwenyekiti akauliza swali moja tu. "Angekuwa amekaa hapa ofisini, hizo namba zingekuwa tofauti?"

"Hapana, Mama," akasema Bwana Mutua.

"Basi anyonyeshe."

Ikaandikwa hivyo, Naserian abaki nyumbani. Halafu huyo mama akaongeza na hilo nalo likaandikwa, na ndiyo sababu siwezi hata kukana, kwamba mdogo wake asiruhusiwe karibu na kompyuta ya mradi mkutano ukiendelea. Nimepigwa marufuku na kamati ya maji. Naserian alinisomea akicheka mpaka Baraka akaamka.

Na mimi nimekubali. Sitabonyeza tena kufuli ya mtu, hata ikiwa imefunguka mbele ya macho yangu, mpaka niulize kwanza niko kwa kompyuta gani. Lakini jioni mkutano ukiwa umeisha nilimwomba anionyeshe vile aliipangia njia, akasogea kwa kochi, akaniambia nikae, na nivae ile soksi nyingine.