Matanga Bila Chungu

Mama alisema hanipeleki kusoma kwenye mji ambao hajui watu wake wanakula nini. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea kilimo Morogoro, na chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya wiki chache. Sisi tulikuwa tunaishi Singida. Baba alishafariki, na mama alitusomesha kwa kupika mtukuru, pombe yetu ya mtama, na kwa ugali wa mchana aliowauzia madereva wa stendi. Tukiwa njiani kwenda kuukagua mji huo ndipo aliponitobolea siri yake: kama mji ungempendeza, angehamia pamoja nami na vyungu vyake. Siku hizo kila mtu alikuwa anaimba ruksa, na mama aliamini kwamba katika ruksa hiyo ya biashara hakukosekani nafasi ya mwanamke mwenye jiko.

Tulifikia kwa mama mdogo, mdogo wake mama wa kuzaliwa, ambaye aliolewa na Mluguru wa Kinole, kule milimani. Baba mdogo alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Nasema alikuwa, kwa sababu kiwanda kilipata mwekezaji, na mwekezaji akafunga lango, wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani wasubiri ukarabati. Tulipofika sisi, majani yalikuwa yameota mpaka kwenye kufuli. Walikuwa bado wanaishi kwenye nyumba za kiwanda, chumba na sebule, na mama mdogo alikuwa anapika komoni uani, pombe ya mahindi na ulezi. Komoni hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha.

Baba mdogo alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye lafudhi ya milimani. Kelele za mitambo zilimharibu sikio moja, kwa hiyo ukizungumza naye alikusogelea na kuinamisha kichwa, kana kwamba unalosema ni la siri. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono na hakuuachia mpaka aliposikia shida yetu yote. Ilimfurahisha kuliko nilivyotarajia. Mama mdogo alituambia baadaye jikoni kwamba ilikuwa miezi mingi hakuna mtu aliyemhitaji kwa jambo lolote.

Basi tukazunguka naye mji kwa siku nne. Asubuhi ya kwanza alitupeleka nyuma ya stendi kunywa supu ya makongoro, akamsimamia mpishi mpaka alipohakikisha mama amepewa mfupa wenye uboho. Kutoka hapo tukaenda sokoni. Wanawake wa Kiluguru walikuwa wameshashuka na mizigo yao kichwani, karoti, kabichi, ndizi za Kinole, vifungu vya mdalasini, naye akawasalimia kwa kilugha mmoja baada ya mwingine akiuliza habari za watu wa juu. Mmoja wao alimpa topetope lililoiva. Akalipasua kwa vidole, akatugawia papo hapo tukiwa tumesimama. Mama alikula akifumba macho. Aliniambia mji wenye mlima kama ule mgongoni hauwezi kumlaza mtu njaa.

Mchana tulikula perege wa bwawani kwa mama lishe mmoja aliyekuwa akipikia mbele ya lango la kiwanda. Zamani, baba mdogo alieleza, pale palikuwa na safu ya mabanda, na zamu ikitoka ulikuwa huoni lango kwa moshi. Sasa walikuwa wamebaki wanawake wawili na sufuria ndogo. Mama aliwauliza kama wapishi wanavyoulizana, kuhusu kuni, mafuta, na wateja. Yule mwanamke alijibu kwamba wateja wake wengi ni wale wale wa zamani, ila wanakuja kukaa, hawaji kula. Tulipoondoka mama aliniambia nimwambie chuo kiko upande gani, na kuna wanafunzi wangapi, na kama wanapikiwa au wanajipikia. Nilijua anahesabu upya.

Jioni moja baba mdogo aliona haifai tuondoke bila kuonja bia za kisasa. Kulikuwa na baa mpya yenye miavuli ya rangi, na bia za kopo kutoka nje ya nchi zimepangwa kwenye jokofu la kioo kama dawa. Wao watu wazima wawili waligawana kopo moja, na mimi nikapewa soda. Mama alinusa, akaonja, akalirudisha kopo mezani taratibu. Alisema ni baridi. Baba mdogo akacheka sana, akasema kesho atampeleka kwenye pombe yenye mtu ndani yake.

Kesho yake tukapanda pikapu mpaka Mkuyuni, kwa binamu yake aliyekuwa akitengeneza pombe ya miwa. Ilikuwa imechacha vizuri, ina rangi ya udongo, na ililetwa ndani ya kata. Mama aliinywa kwa adabu zote za mpishi mgeni: akamwaga tone chini, akaonja, akauliza, akaonja tena. Wakabishana yeye na binamu kwa furaha, mmoja akitetea mtama na mwingine muwa. Baba mdogo alikaa katikati yao akigeuza sikio lake zima huku na huku. Alikunywa kidogo tu. Wakati wa kurudi alituambia kwamba kama kiwanda hakitafunguliwa msimu ule atarudi Kinole kulima, lakini hilo tusimwambie mtu, maana mama mdogo hajazoea mlima.

Nayakumbuka haya yote kwa mpangilio kwa sababu nililazimika kuyakumbuka.

Siku ya tano alfajiri mama mdogo alitugongea. Baba mdogo alikuwa anaendesha, na kilichomtoka kilikuwa maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kabla jua halijapanda alikuwa hawezi kusimama. Misuli ya miguu ilikuwa inamkaza, macho yamezama, na ngozi ya mikono yake, ukiifinya, ilibaki imesimama. Majirani wawili walimbeba kwenye mkokoteni. Tulimfikisha kwenye kambi waliyokuwa wameifungua kwenye madarasa ya shule moja, na hapo ndipo tulipojua kwamba si yeye peke yake. Kipindupindu kilikuwa mjini tangu juzi yake. Sisi tulikuwa tunazunguka tukila.

Ndani, vitanda vilikuwa vimetobolewa katikati na chini ya kila tundu kuna ndoo. Dawa ya kuulia vijidudu ilikuwa inawasha macho. Walimtundikia dripu mikono yote miwili. Mama mdogo aliruhusiwa kukaa naye. Mimi na mama tulisimamishwa mlangoni, kwenye beseni la dawa, na muuguzi aliyekuwa amechoka mpaka sauti imemkauka akatuuliza mgonjwa alikula wapi na alikunywa nini siku zile za karibuni.

Mama alinitazama nijibu mimi. Nikaanza. Supu nyuma ya stendi. Topetope sokoni, bila kunawa. Perege langoni mwa kiwanda. Chipsi mayai karibu na uwanja wa mpira. Mihogo ya kuchoma. Maji ya kunywa kwenye kikombe cha mama lishe. Bia ya kopo. Pombe ya miwa Mkuyuni. Komoni nyumbani. Yule muuguzi aliandika, akaandika, kisha akaacha.

"Basi dada, inatosha," alisema. "Mmekula mji mzima."

Alipotugeuzia mgongo mama alishika ukuta. Tulikuwa tumekula vyote pamoja naye, kutoka bakuli moja, na sisi tulikuwa wazima.

Mchana huohuo gari lenye vipaza sauti lilipita mitaani likitangaza kwamba ni marufuku kuuza chakula kilichopikwa, matunda yaliyokatwa na pombe za kienyeji. Tuliporudi nyumbani kufua mashuka tuliwakuta mabwana afya na mgambo uani. Walikuwa wameshafunua mapipa ya mama mdogo. Komoni yote ilimwagwa mtaroni, ikatiririka mbele ya nyumba za jirani na povu lake, na kuku wakaja kudonoa machicha. Mama aliwaomba wamwachie hata vyombo, kwa kuwa mwenyewe yuko kwa mgonjwa. Vyombo waliviacha. Walikuwa vijana wenye heshima, na mmoja alimwita mama.

Baba mdogo alifariki asubuhi iliyofuata. Mama mdogo alisema mumewe alimwomba asogee, akainamisha kichwa kama kawaida yake ili asikie, na hakukiinua tena.

Hatukupewa maiti. Walimwosha kulekule kwa dawa, wakamfunga kwenye karatasi ya nailoni, na watu wenye mabuti na glavu wakamzika kwenye eneo lililotengwa nje ya mji. Wajomba zake walishuka kutoka Kinole wakiwa wamebeba mikungu ya ndizi kwa ajili ya msiba. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo walikuwa wamekuja kumchukua mtu wao akalale kwao. Bwana afya aliwaeleza, kwa upole, kwamba haiwezekani. Mjomba mkubwa, mzee mwenye rozari shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hatubishani na serikali," alisema. "Lakini huyu mnamlaza kama mtu asiye na kwao."

Mzee akavua kofia, akasali Baba Yetu, na wengine tukaitikia tukiwa tumesimama mbali, nyuma ya kamba waliyokuwa wameifunga.

Kisha ikaja siku ya matanga, na mpaka leo nikisikia neno hilo nakumbuka ukimya wake. Sikuwa nimewahi kuona msiba usio na jiko. Kwetu na kwao, mtu akifa wanawake wanafika na sufuria kabla hawajafika na machozi. Pale uani mafiga yalikuwa baridi. Ilikuwa marufuku kupikia watu, na hata kama isingekuwa marufuku, nani angekula? Majirani walikuja wakakaa kwenye mikeka karibu na mlango, wakakunja mikono ili wasipeane, wakaondoka mapema. Wengine walitoa pole wakiwa barabarani. Mikungu ya ndizi ya Kinole ilikaa pembeni ya ukuta, ikaanza kuiva, hakuna aliyeigusa.

Mama hakuweza kuvumilia mafiga baridi. Aliwasha moto, akateka maji, akayachemsha sana, akayatia chumvi na sukari kidogo kama walivyokuwa wanafundisha kwenye kambi, akayapoza na kumpa kila aliyekuja kikombe alichokichemsha pia. Alikuwa anapiga goti kama anayetoa wali wa harusi. Watu wakanywa maji yale, wakarudisha vikombe. Hayo ndiyo tuliyomlilia nayo baba mdogo.

Baadaye, watu walipotawanyika, mama mdogo alianza kuuliza. Ni supu? Ni yule samaki? Au ni komoni yake mwenyewe, aliyoichanganya na maji ya mto kwa sababu bomba lilikuwa limekauka? Alirudia kila mlo, akitutaka tumwambie alikula kiasi gani na sisi kiasi gani. Aliuliza hivyo jioni nzima mpaka mama akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Usitafute, mdogo wangu," mama alimwambia. "Ukishapata, utamchukia mwanamke anayepika kama wewe. Na pengine utajichukia wewe."

Mama mdogo akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu kambini.

Chuo kilifunguliwa marufuku ikiwa bado ipo. Mama alinisindikiza, akalikagua bwalo, akawauliza wapishi maji wanayatoa wapi, akarudi Singida. La kuhamia na vyungu hakulitaja tena. Wenzangu wa bwenini, waliotoka mikoa mingine, walilalamika kwamba Morogoro ni mji usio na chakula, ukitembea huoni hata muuza mihogo. Walipogundua kwamba nimewahi kufika kabla yao waliniuliza kuna nini kizuri cha kula. Niliwaambia wasubiri mvua ziishe.

Marufuku ilipoondolewa wajomba walituita Kinole. Mama alikuja kwa ajili hiyo tu. Yeye na mama mdogo walipika pombe ya tambiko wakisaidiana, wakaisubiri ichachuke, na mzee akaimwaga kidogo kidogo kwenye udongo wa kwao, akimtaja marehemu na kumwomba radhi kwa kulazwa ugenini. Baada ya hapo watu walikunywa. Mama mdogo alijaza vibuyu vya wengine siku nzima, yeye mwenyewe hakuonja. Hakupika tena komoni maisha yake yote.

Nyumba ya kiwanda waliitaka irudishwe, akahamia Mlali, akapata kipande cha kulima nyanya karibu na mto. Jumamosi nilikuwa namsubiri sokoni nimsaidie kushusha matenga. Alikonda, mikono yake ikawa ya mkulima, na alikuwa na tabia ya kusuguasugua kila nyanya kwa khanga kabla hajamkabidhi mteja.

Kiwanda hakikufunguliwa. Mwaka niliomaliza masomo mitambo ilifunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye malori ikauzwe kama chuma chakavu. Ilikuwa siku ya soko. Tulikuwa tunavuka barabara na tenga kati yetu wakati malori yalipopita, na mama mdogo akaliweka tenga chini. Alinionyesha kwa kidole magurudumu fulani ya chuma, akasema yale ndiyo yaliyomla mumewe sikio. Tukasimama mpaka vumbi likatulia, kisha tukalinyanyua tenga, maana wateja wa asubuhi walikuwa wameshaanza kununua kwa wengine.