Mama Mkwe Kaonja Maji Yangu Kwanza

Leo nimekataa maji ya mama mkwe wa binti yangu, ukoo wake mzima ukitazama.

Subirini kabla hamjanitukana.

Nina figo ya kupandikizwa. Dawa zake zinashusha kinga ya mwili, kwa hiyo nanywa maji yaliyochemshwa, au ya chupa niliyoifungua mwenyewe.

Nimetoka Dar kumwona binti yangu ukweni kwake, Kinanira, hapa Bujumbura. Saa ya dawa ikanikuta sebuleni. Mama Divine, mkwe wake, akaleta chupa mpya kabisa. Nikafurahi!

Akaifungua. Akapiga funda moja. Akanikabidhi.

Huku hiyo ndiyo heshima: mwenyeji anaonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu.

"Samahani, mama, siwezi."

Nikaiweka chupa mezani.

"Baba Neema, unazani mi niko mulozi? Mi naweza kuua baba ya mutoto yetu?"

Vikaratasi vya hospitali vinaagiza tu tuepuke chupa zilizofunguliwa. Aliyeviandika hajawahi kukaa kwenye kochi lile!

Mimi ninayebishana na kila mtu humu sikubishana. Nikapandisha shati, nikaonyesha kovu. Tumbo wazi, mbele ya wakwe!

Mama Divine akalitazama.

"Ungesema tangu kwa mulango."

Akaichukua chupa, akainywa yote huku akiniangalia, kisha akaenda kuwasha makaa anichemshie mengine.

Nina vidonge kiganjani. Maji bado hayajapoa.

Ninyi mngeyanywa yale aliyoyaonja?